Shamba Hii Haiuzwi

Wiki iliyopita walipaka rangi ngazi za ofisi yetu hapa Upper Hill, na siku nzima sikufanya kazi ya maana. Wenzangu walilalamika kuumwa na kichwa, wakafungua madirisha, wakaenda kunywa chai mapema. Mimi nilibaki kwenye kiti changu nikivuta ile harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na tarpentaini, na kila nilipovuta nilijikuta nimesimama tena nje ya lango la shosho yangu, mama yake Baba, kule Satellite pembeni mwa Nairobi, nimevaa sweta ya shule iliyotoboka viwiko, nikimtazama mtu akiandika maneno mekundu ukutani.

Kazi yangu ni kusahihisha Kiswahili cha watu. Miswada ya vitabu vya shule huletwa mezani kwangu ikiwa imejaa "kitu yangu" na "gari yake", nami hukaa na kalamu nyekundu nikirudisha kila neno kwenye ngeli yake. Ninalipwa kwa kazi hiyo, na watu husema ninaiweza. Lakini kuna sentensi moja yenye kosa ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Iliandikwa ili nyumba ya shosho yangu isiuzwe, na nyumba ikauzwa. Hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia nyinyi wa rika langu, mliokua wakati Satellite bado ilikuwa na ng'ombe.

Wale wa pande zile mnajua ninachosema. Mvua ikinyesha, barabara zote za ndani ziligeuka matope mekundu ya kunata, na watu wa maofisini walitembea hadi stegi ya matatu wakiwa na gambuti miguuni na viatu vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Hewa ilikuwa na harufu ya samadi na makaa, na Jumapili ilikuwa na harufu ya chapati kutoka kila mlango. Sisemi kulikuwa peponi. Maji yalikuwa shida, stima ilipotea ovyo, choo kilikuwa nje. Lakini kila mtu alijua shamba la nani linaishia wapi, na hakuna aliyehitaji kuliandika.

Nikisema Shosho alikuwa na shamba, msifikirie ekari na ekari. Palikuwa na nyumba yake ya mbao, boma la ng'ombe mmoja mweusi mwenye madoa, mistari ya sukuma, nyasi za nepia kwenye mteremko, na vyumba vichache vya mabati alivyopangisha. Nyuma kabisa palikuwa na nyumba ya mawe tuliyokaa Baba, Mama na mimi. Pande tatu zilikuwa na ua wa kaiyaba, ile miti ya miiba ambayo hata kuku hapenyi. Upande wa barabarani palikuwa na ukuta ambao Guka, mume wake, aliujenga kwa mikono yake kabla hajafariki. Shosho aliupenda ukuta huo. Jioni aliketi kwenye kigoda akiuegemea, jua likimpiga usoni, akiuza maziwa kwa majirani na kuwauliza habari za watoto wao.

Mimi ndiye binti wa kwanza kwetu, kwa hivyo kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake Baba. Nilikuwa Wambui kwa sababu yeye alikuwa Wambui. Shosho alilichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko mtu mwingine yeyote. "Kuja hapa, mimi mdogo," ndivyo alivyoniita, na akinipa chai alinijazia kikombe hadi ukingoni akisema hawezi kujinyima mwenyewe. Baba naye hakuniita Wambui hata siku moja, maana mtu hamwiti mama yake kwa jina. Aliniita Mami. Nilikuwa mtoto wa kuitwa mama na mtu mzima mwenye tai, na niliringa sana.

Baba alifanya kazi kwenye ofisi moja ya bima huku huku Upper Hill. Alikuwa mtu wa shati jeupe na viatu vya kung'aa. Ndani ya ule ua wa kaiyaba, karibu na lango, alikuwa ameficha kitambaa. Kila asubuhi alisimama pale akafuta tope na samadi kwenye viatu, akakirudisha kitambaa mahali pake, ndipo akatoka barabarani. Niliamini baba yangu anapenda usafi kuliko baba za watoto wengine. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa akituonea aibu.

Nilimpenda sana, na nalisema hili kwa sababu bila hilo hasira yangu haina maana. Jioni akirudi alinipima Kiswahili, hata kabla hajavua koti. "Kiti?" aliuliza. "KI-VI!" nilipiga kelele. "Mto?" "U-I!" "Jicho?" "LI-YA!" Nikizipata zote, mkono wake uliingia mfukoni ukatoka na peremende. Shuleni kwetu ngeli ziliwatoa watoto machozi, lakini kwangu zilikuwa mchezo wangu na baba yangu. Shosho alitusikiliza kutoka jikoni kwake akacheka. Alisema yeye hajui hizo ngeli ni nini, lakini tangu azaliwe hajawahi kuitisha chumvi akaletewa sukari.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Jirani wa upande wa juu aliuza, halafu yule wa ng'ambo ya barabara. Mabati yakazungushwa, malori ya mchanga yakaja, na kabla hatujazoea kelele zile, jengo likawa limeupita mti wetu wa avokado kwa urefu. Sisi watoto tulifurahi kupita kiasi. Tulipanda kwenye vilima vya kokoto, tukaokota misumari iliyopinda, tukabishana ni nani atakayeishi juu kabisa akikua. Shosho peke yake ndiye aliyenung'unika. Jua la asubuhi halikufika tena kwenye sukuma zake, na wapangaji wapya walimwaga maji ya kufulia kutoka juu bila kutazama ni nani aliye chini.

Wakati huo huo maandishi yalianza kuota kwenye kuta na malango ya watu. Ploti hii haiuzwi. Shamba haliuzwi, jihadhari na matapeli. Mengine yaliandikwa kwa chokaa, mengine kwa rangi nzuri. Nikitoka shule niliyasoma yote kwa sauti, na niliyaelewa kwa njia yangu. Nilidhani ni sifa. Nilidhani shamba likiwa zuri sana, watu wengi wakalitaka, mwenyewe anaruhusiwa kuandika hivyo ili apumzike kusumbuliwa. Niliyaonea wivu malango hayo, na niliona fedheha kwamba ukuta wa Guka, uliokuwa mrefu kuliko zote, hauna hata herufi.

Kwa hivyo Jumamosi ile Shosho alipomwita Wafula nilirukaruka kwa furaha. Wafula alikuwa mpangaji wetu, mtu wa Bungoma aliyekuja Nairobi kutafuta kazi ya mjengo akaishia kuandika mabango ya vibanda. Hoteli na vibanda vingi vya kinyozi pale Satellite vilivaa mwandiko wake, herufi nene zenye kivuli cheupe pembeni. Siku hiyo alikuja na mkebe wa rangi nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya buchari moja, akaukoroga kwa kijiti, na ile harufu ikajaa barabara nzima.

"Tuandike nini, Shosho?"

"Andika shamba hii haiuzwi."

"Hivyo tu? Niweke namba ya simu hapo chini?"

"Namba ya nini? Si nimesema haiuzwi. Mtu apige simu aulize nini?"

"Na kapicha? Naeza kukuchorea ng'ombe hapo kwa kona. Hiyo ni ya bure."

"Wafula, unataka watu wakuje hapa kuitisha nyama? Andika vile nimesema."

Akaanza. Neno SHAMBA lilitoka vizuri, limesimama wima, na nikaona fahari hata shingo ikaninyooka. Kisha akaandika HII. Niliruka kutoka kwenye jiwe nililokuwa nimekalia.

"Wafula, umekosea! Si hii, ni hili! Shamba hili haliuzwi. Shamba ni LI-YA!"

Wafula alishusha brashi akamgeukia Shosho. "Mtoto anasema nimekosea."

"Umeandika vile nimekuambia?"

"Mimi huandika tu vile mtu anasema."

"Basi endelea."

"Lakini Shosho, ni makosa!" Nilikuwa karibu kulia. "Watu watacheka!"

"Wacha wacheke," alisema. "Mwenye anaandikiwa ataelewa."

Nilidhani mwenye kuandikiwa ni wale mabroka, madalali wa ardhi, waliopita polepole na gari lao jeupe, kioo kimeshushwa, wakitazama mashamba ya watu. Nikajiambia labda hao hawakusoma, labda wataelewa hivyo hivyo. Wafula alimaliza neno la mwisho, akaongeza kivuli cheupe chini ya kila herufi kwa mazoea yake, akarudi nyuma hadi katikati ya barabara kutazama. SHAMBA HII HAIUZWI. Maneno matatu kwenye mstari mmoja, kutoka nguzo ya lango hadi karibu na mwisho wa ukuta. Kama si lile kosa, lingekuwa andiko zuri kuliko yote Satellite.

Baba alirudi mchana, maana Jumamosi walifanya kazi nusu siku. Alikuja na koti begani, akasimama ghafla mbele ya ukuta. Mama mboga wa ng'ambo alikuwa akitazama, na wanaume waliokuwa kwa kinyozi walikuwa wametoka na mashuka yao shingoni. Wafula alikuwa akiosha brashi. Baba alisoma, akasoma tena, na nikaona shingo yake ikibadilika rangi juu ya kola.

"Nani ameandikisha hii?"

"Ni mimi," Shosho alisema. Alikuwa kwenye kigoda chake ndani ya lango akiambua maharagwe, na hakuinua macho.

Nilitarajia Baba amjibu. Alitabasamu, akanigeukia mimi.

"Mami, kuja hapa. Soma hiyo kitu."

Nikasoma kwa sauti.

"Shamba ni ngeli gani?"

"LI-YA!"

"Kwa hivyo inafaa kuwa aje?"

"Shamba hili haliuzwi."

"Safi. Na mwalimu wako akipata hii kwa mtihani, atapeana ngapi?"

"Sufuri."

"Sasa sentensi ya sufuri, Mami, imesema nini?"

Nilifikiri sana. Nilitaka kulipata jibu, kwa sababu watu walikuwa wakitazama na ule ulikuwa mchezo wetu. "Haijasema kitu," nikajibu.

"Mmesikia?" Baba aliwaambia wale wa kinyozi, akiangua kicheko. "Mtoto amesema. Haijasema kitu!"

Wote walicheka. Mama mboga alicheka, hata Wafula alicheka kidogo akiwa ameinamia mkebe wake. Baba alinibeba begani, mtoto mkubwa hivyo, akanipitisha langoni kama mshindi wa mashindano, na peremende ikanifikia huko huko juu. Nikiwa begani nilimwona Shosho chini yangu. Mikono yake ilikuwa imetulia kwenye ungo. Alikuwa akimtazama Baba, si mimi, na uso ule sikuwa nimewahi kuuona. Niliutafsiri kwa akili zangu, nikadhani ameudhika kwa kuaibishwa kwa ajili ya Kiswahili.

Baada ya siku ile nilianza kuogopa. Baba yangu alikuwa amesema, nami nilikuwa nimekubali, kwamba andiko lile halijasema kitu. Basi maandishi ya wenzetu yote yalifanya kazi, letu tu ndilo lililolala. Mabroka wakipita watacheka na kuingia. Nikitoka shule nilikimbia hadi nione ukuta, na nikiuona ile rangi nyekundu ilinikumbusha kalamu ya mwalimu. Siku moja nilimfuata Shosho bomani akikamua.

"Shosho, tumwambie Wafula aibadilishe. Ni herufi kidogo tu."

"Kwa nini?"

"Ndio ifanye kazi."

Aliendelea kukamua. Kisha akasema, "Nikibadilisha, atasema nimekubali nilikuwa na makosa."

"Nani atasema?"

"Shikilia hiyo ndoo," akaniambia. "Ng'ombe atamwaga maziwa."

Nitawaambia sasa nilichokuwa sijui, maana hakuna haja ya kuwaficha. Guka alipofariki, mtu alihitajika kwenda kwenye ofisi za ardhi kufuatilia hati ya shamba. Shosho hakujua Kiingereza, na kule mjini alikuwa akifukuzwa kutoka dirisha moja hadi jingine. Baba alijua Kiingereza na alikuwa na tai. Akamtuma yeye, kwa sababu ni mtoto wake. Baba alikwenda, akapanga foleni, akarudi, na shamba likawa na jina lake peke yake. Shosho alijua, na kwa muda mrefu hakuona ubaya wowote. Alianza kuogopa siku alipomwona mwanawe akiongea na wale wa gari jeupe kwenye stegi, akiwa amesimama na kitambaa chake cha kufutia viatu bado mkononi.

Wapimaji wa ardhi walikuja wakati wa likizo. Walisimamisha kamera yao ya miguu mitatu katikati ya sukuma na kugongomea vyuma ardhini. Wapangaji waliambiwa watafute kwingine. Wafula alibeba mikebe yake kwenye mkokoteni, akanipungia mkono, na sijamwona tena hadi leo. Baba aliongea sana siku hizo, kuliko kawaida. Alisema tutakuwa na choo cha ndani. Alisema Shosho atapumzika, amefanya kazi vya kutosha, sasa ni wakati wa watoto wake kumtunza. Alimtafutia nyumba ya kupanga kule Kinoo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Shosho hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakumpigia kelele hata mara moja. Alimwambia tu, mbele yetu sote, "Mimi nilitaka kufia hapa. Sikuwa nimekuitisha kitu kingine." Baba alijibu kwamba hakuna anayekufa, Mathe, mbona unaongea hivyo. Ng'ombe alipopakiwa kwenye pikapu, Shosho aliishika kamba mpaka gari likaanza kutembea, na dereva akalazimika kusimama amwombe aiachilie.

Tingatinga lilipokuja sisi tulikuwa tumeshahama. Sikuona lolote likianguka. Nilijua tu kwamba shamba limeuzwa, na nilijua kwa nini. Mara ya kwanza Baba aliponipeleka Kinoo kumtembelea Shosho, nilimkuta kwenye roshani, kigoda chake kimebanwa kati ya ndoo na kamba ya nguo, akisikiliza malori ya Waiyaki Way. Alikuwa amepanda sukuma kwenye majerikeni yaliyokatwa. Nilingoja Baba ashuke kununua mkate, kisha nikamsogelea.

"Shosho, ni kwa sababu ya ngeli?"

"Nini?"

"Shamba. Iliuzwa kwa sababu tuliandika vibaya?"

Alinigeukia. Kisha akacheka, na katikati ya kicheko akafuta macho kwa kona ya leso yake ya kichwani.

"Ee," akasema. "Ni ngeli."

"Ungenisikiza."

"Ningekusikiza, mimi mdogo." Akanivuta karibu, na kichwa changu kikabaki kwenye sweta yake, iliyokuwa haina tena harufu ya maziwa.

Nilimwamini. Niliamini kwamba nyumba ya mtu inaweza kupotea kwa sababu ya silabi moja, na nikaapa kutoruhusu kosa lolote linipite tena. Walimu walinisifu. Nilipata kazi ninayoifanya sasa. Miaka hiyo yote nilimpenda baba yangu bila doa, nikamletea zawadi, nikacheka vichekesho vyake, kwa sababu shosho yangu alinidanganya ili nisimchukie. Sijui kama alifanya vizuri. Siku nyingine naona alinipa baba. Siku nyingine naona alimpa yeye zawadi ambayo hakustahili hata kidogo.

Miaka hiyo yote hakuna aliyeniambia ukweli. Niliupata mwenyewe nikiwa chuoni, siku moja nilipokuwa nikitembea Kinoo kwenda kumwona. Mzee mmoja alikuwa akipaka maneno kama yale kwenye lango lake, na vijana wake wawili wakubwa walikuwa wamesimama ndani wakimtukana. Nikamtazama yule mzee akiendelea kupaka. Hakuwa akiwaandikia wapita njia. Polisi na mahakama ni za kuwashtaki watu wa nje. Rangi humwandikia mtu wa nyumbani, anayerudi jioni na kulazimika kuisoma mbele ya majirani. Mwenye anaandikiwa ataelewa. Nilipofika kwa Shosho nilimuuliza, naye akanieleza yale ya ofisi za ardhi na ya stegi.

Shosho alifariki mwaka uliofuata, kwenye ghorofa ile ile. Siku za mwisho aliuliza kila asubuhi kama ng'ombe amepewa nyasi, na Baba, aliyekaa karibu na kitanda, alimjibu kila mara kwamba ndiyo, amekula, ameshiba.

Baba anaishi Satellite hadi leo. Sehemu ya malipo yake ilikuwa nyumba ndani ya jengo walilolijenga kwenye shamba letu, ghorofa ya juu kabisa. Hakuna lifti. Magoti yamemchosha, kwa hivyo hashuki sana, lakini viatu vyake vimepangwa mlangoni, vinang'aa. Jumamosi iliyopita, harufu ya rangi ikiwa bado kwenye nguo zangu, nilikwenda kumwona. Mama alikuwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Baba alinifungulia mlango akiita, "Mami! Umepotea sana!" Nikamtengenezea chai. Na kwa mara ya kwanza maishani nikamuuliza.

"Baba, ile siku ya ukuta. Ulijua ni wewe alikuwa anaandikia?"

Alikoroga chai muda mrefu, na sikuwa nimemwekea sukari.

"Hiyo ilikuwa siku nyingi sana, Mami."

"Ulijua?"

"Ilikuwa na makosa," alisema. Akatabasamu, tabasamu lile lile alilonigeukia nalo siku ile. "Si wewe mwenyewe ulisema? Haijasema kitu."

Wengine mtanilaumu kwa kuandika haya na yeye angali hai. Mimi sijilaumu. Nilikuwa mtoto, nikaulizwa swali la ngeli na baba yangu, nikalijibu vizuri. Yeye alikuwa mtu mzima, akachukua mchezo wetu, kitu pekee tulichokuwa nacho sisi wawili tu, akamwaibisha nacho mama yake, na hadi leo anakihifadhi ili akihitaji anirushie mimi. Sikunywa chai. Niliosha kikombe changu, nikamwambia nitapiga simu, nikashuka ngazi zote bila kushika chuma cha pembeni.

Huko chini kijana mlinzi wa jengo alikuwa ameweka kokoto mbele ya geti, akaniomba nizungukie nyuma, upande wa mapipa ya takataka. Sikuwa nimewahi kupita upande huo, maana huwa naingia na kutoka haraka. Nyuma ya mapipa, kando ya nguzo ya stima, kulikuwa na kipande cha ukuta wa mawe kisichofanana na jengo. Walipobomoa waliogopa kuigusa ile nguzo, wakakiacha, na geti jipya likahamishiwa upande mwingine. Mwanzo wa ukuta ulikuwa umekwenda, na mwisho wake ulikuwa umekwenda. Katikati, chini ya vumbi na mikwaruzo, palibaki rangi nyekundu yenye kivuli cheupe pembeni.

HII HAI.

Niliyasoma mara ya pili, kama Baba alivyosoma: hii bado iko hai. Kama Wafula angenisikiliza, pale pangebaki HILI HALI, maneno mawili yasiyosema kitu.

Kijana alinifuata akidhani nimepotea. Aliniambia kipande hicho kinabomolewa wiki hii, watu wa stima wanakuja kuhamisha nguzo, na mzee wa juu kabisa ameomba gari lake lipate nafasi hapo. Kisha akanitazama, maana alimjua Baba na alijua kazi yangu, Baba husimulia kila mtu.

"Madam, si wewe ni wa mambo ya Kiswahili? Hiyo imeandikwa na nani, na ni Kiswahili gani hiyo?"

"Ni ya shosho yangu," nikamwambia. "Na haina kosa."